SSD za kawaida au za entapraizi kwa seva ya ofisi ndogo? Naombeni ushauri kabla sijaagiza

Kitasa:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kabla sijafanya kitu cha kujutia. Ofisini tupo watu 14, tuna seva moja tu iko kwenye kachumba ka pembeni, ndani ina hadidiski za kuzunguka ambazo zimeshachoka, asubuhi watu wakifungua programu ya uhasibu kwa pamoja seva inaanza kukoroma na wote wanageuka kuniangalia mimi. Bosi amekubali tuweke SSD (diski za chipu, hazina kinachozunguka), hapo ndo shida ilipoanzia.

Nina orodha mbili. Ya kwanza ni SSD za kawaida hizi mtu anaweka kwenye laptop, Samsung 870 EVO za 1TB mbili nizifunge RAID 1, yaani kila moja iwe nakala ya mwenzake. Ya pili ni za entapraizi, zilizotengenezwa kwa ajili ya seva, Samsung PM893 au Kingston DC600M za 960GB, mbili pia. Sasa nikisoma karatasi za watengenezaji spidi ni zile zile, zote zinatumia kiunganishi cha SATA, zote zinacheza kwenye 550 hivi kusoma na 520 au 530 kuandika, MB kwa sekunde. Ila za entapraizi ni ghali zaidi na ujazo wake mdogo. Bosi kaniuliza swali moja tu, "kwa nini tulipe zaidi kwa kitu kidogo zaidi?", nikabaki nameza mate.

Nachojua mimi tofauti ni uhai tu, kwamba EVO wanaipa 600 TBW na zile nyingine wanaandika 1 DWPD kwa miaka 5, na hata hizo herufi naziona tu sijui zinalinganishwaje. Seva inaendeshwa na Proxmox, ndani yake kuna VM (kompyuta pepe) tatu: databesi ya uhasibu (PostgreSQL), ya kushea mafaili, na nyingine ya vitu vidogo vidogo. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) tunayo na ni nzima. Niambieni.

Nyaya Nne:

Chukua EVO ulale usingizi. Mimi ninayo kwenye seva mwaka wa nne huu haijawahi hata kukohoa. Hizo za entapraizi ni za watu wenye makabati ya seva yamejaa ukuta mzima, nyie watu 14 mnaandika nini cha kuua SSD?

Mama Nodi:

@Kitasa tuanze na hizo herufi maana hesabu yake ni ya darasa la tano. TBW ni jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali uandike kabla dhamana haijaisha. DWPD ni mara ngapi kwa siku unaweza kuijaza diski nzima, kila siku, mpaka dhamana iishe. Miaka 5 ni siku 1,825. Kwa hiyo 960GB mara moja kwa siku kwa siku 1,825 inakupa kama TB 1,752. Ile EVO ni TB 600 kwa siku hizo hizo, gawanya unapata GB 328 kwa siku, yaani DWPD ya 0.33. Kwa hiyo ukizitazama kwa jicho hilo moja entapraizi ina uhai kama mara tatu hivi.

Ila usibishane na mtu kabla hujapima mnaandika kiasi gani. Ingia kwenye Proxmox yenyewe, siyo ndani ya VM, andika iostat, kuna safu ya kB_wrtn, hiyo ni jumla tangu seva iwashwe. Gawa kwa siku ilizokaa imewaka, uptime itakwambia. Urudi na namba hapa.

Kitasa:

Asante mama, nimefanya. Seva imewaka siku 73 na imeandika TB 3 kasoro kidogo, kwa hiyo GB 41 hivi kwa siku. Hesabu yangu ikisema kweli 600 gawanya kwa hiyo ni miaka 40?? Mpaka hapo si Nyaya Nne kashinda?

Nyaya Nne:

Nilisema mimi 😂

Mama Nodi:

Kwa uhai peke yake, ndiyo, kashinda, na sitaki kuzunguka zunguka. Hata ukihamia ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) ambao unaandika zaidi, zidisha GB 41 mara nne, upate 164, bado ni nusu tu ya ile 328. Watu wanaowatisha wenzao kwamba SSD ya kawaida "itakufa ndani ya mwaka" kwenye seva ya ofisi ndogo mara nyingi hawajawahi kupima. Kwa mafaili na Word na Excel za watu 14 huwezi kuichosha.

Lakini wewe una PostgreSQL, na hapo swali siyo uhai tena. Namuachia Risasi huwa anapenda kuongea hii kitu.

Mzee wa Risasi:

Nimeitwa nimekuja, samahani itakuwa ndefu.

Kijana, ukiipata hiyo PM893 au DC600M, ukaifungua (usiifungue, dhamana itaondoka) utakuta kwenye bodi kuna kapasita zimejipanga. Kwenye ya laptop hazipo. Hizo kapasita ndo unazolipia, mengine yote ni nyongeza. Kazi yake ni kwamba umeme ukikatika ghafla zinabaki na chaji ya kutosha kwa kitambo kidogo sana, diski inamwaga kila kilichokuwa kwenye RAM yake kwenda kwenye NAND (chipu zinazoshika data hata bila umeme), afu ndo inazima. Kwa herufi wanaita PLP, yaani power loss protection.

Sasa wengi wakisikia hivo wanasema "aah, mimi nina UPS", na wewe umeshasema. Subiri.

Fikiria ofisi ya mapokezi. Mtu analeta barua anataka mhuri wa "imepokelewa", bila mhuri haondoki, na wenzake wako nyuma kwenye foleni. Karani wa kwanza hana droo ya chuma, sheria inamwambia asigonge mhuri mpaka ameinuka, ametembea mpaka stoo, ameiweka barua kwenye faili lake, amerudi. Karani wa pili ana droo ya chuma isiyoungua chini ya meza, anatupia barua ndani, paa, mhuri, anayefuata. Akipata nafasi anazikusanya zikiwa hamsini anaenda stoo mara moja.

PostgreSQL kila mtu akibonyeza "hifadhi" kwenye ankara inaiambia diski fsync, yaani nipe mhuri, usinidanganye. SSD ya kawaida kama ni mwaminifu inabidi iende mpaka stoo kila mara, maana RAM yake umeme ukikatika inafutika. Ile yenye kapasita inagonga mhuri hapo hapo, kwa kuwa kilichoingia kwenye RAM yake ni kama kimeshafika. Ndo maana spidi za kwenye karatasi zinafanana: zile 530 zimepimwa kwa kumwaga faili kubwa mfululizo bila kudai mhuri. Hakuna anayekuandikia kwenye boksi spidi ya mhuri.

Na UPS yako diski haiijui. Haina waya wa kuambiwa "usijali kuna betri nje huku", itaendelea kutembea stoo kila mara hata ukiweka jenereta kumi. Kwa hiyo PLP ni usalama, ndiyo, ila kwa seva yako mimi ningesema ni spidi kwanza.

Kitu kingine ambacho watu hawakisemi, hiyo safari ya stoo inachosha NAND pia. Kurasa za NAND siku hizi ni kubwa kuliko 4K (kilobaiti 4) unayoandika, kwa hiyo ukilazimisha kila kipande kidogo kiende peke yake diski inaandika ndani zaidi ya ulichotuma. Mwenye droo anakusanya, anajaza ukurasa, anapeleka. Ile hesabu ya miaka 40 kwenye databesi yenye fsync nyingi ipunguze kwa kiasi, siyo kwamba itakufa kesho, ila miaka 40 nayo ni ndoto.

Nyaya Nne:

Mzee hapo kwenye kutembea stoo umenipiga, nakubali. Ila bado UPS inaokoa data, si ndiyo? Kama umeme haukatiki kapasita zinafanya nini?

Binti Bodi:

@Nyaya Nne mimi nilikuwa naongea kama wewe mpaka siku pawa saplai ya seva ilipokufa. UPS iko nzima, taa ya kijani inawaka, inanguruma vizuri tu, ndani ya seva giza. Kati ya UPS na diski kuna pawa saplai, kuna kebo, kuna mtu wa usafi, kuna mimi mwenyewe niliyewahi kubonyeza swichi ya seva isiyo yenyewe. Ile ya pawa saplai seva ilipowaka tena mafaili yote yapo ila databesi inagoma kufunguka, kurasa tatu zimeharibika, tulirudi kwenye bakapu ya usiku tukapoteza kazi ya siku nzima, wale dada wa uhasibu waliingiza risiti upya kwa mkono huku hawaniongeleshi. SSD ilikuwa ya kawaida, na nilikuja kujua baadaye kuna za bei ya chini sana ambazo zinagonga mhuri bila kwenda stoo, yaani zinadanganya. Spidi nzuri kwenye vipimo, siku ya siku unalia.

Halafu angalieni lugha ya matangazo. Kuna SSD za kawaida wanaandika zina kinga ya umeme kukatika, ukisoma vizuri kinga ni ya data iliyokwishalala kwenye NAND isiharibike wakati ya jirani inaandikwa. Data iliyoko njiani, kwenye RAM, haina mwenyewe. Unataka iandikwe kwamba data iliyo njiani inalindwa, au wataje kapasita waziwazi.

Kijiko:

Mbona mnamtesa mwenzenu. Kwenye postgresql.conf weka fsync = off, EVO itapaa, mchezo umeisha.

Mama Nodi:

@Kijiko tafadhali usimpe mtu huo ushauri kwenye vitabu vya hesabu. fsync = off maana yake umeme ukikatika databesi NZIMA inaweza ikawa takataka, siyo muamala wa mwisho tu. Ile ni ya kuingizia data ya majaribio ambayo hata ikifa unaitengeneza upya.

Kama mtu kabanwa kweli kuna synchronous_commit = off. Hiyo haiharibu databesi, ila seva ikizima ghafla unaweza kupoteza miamala ya mwisho kabisa, kwa mpangilio wa kawaida ni kama sekunde 0.6 hivi. Kwa tovuti ya matangazo sawa. Kwa uhasibu utakuja kukuta risiti mteja ameondoka nayo mkononi, imechapishwa, na kwenye mfumo haipo. Nenda kamuelezee mkaguzi.

Kijiko:

Duh haya, nimenyamaza

Kitasa:

Wakuu nashukuru sana, mmenifungua. Ila nikienda kwa bosi na hadithi ya karani na droo atanicheka. Kuna namna ya kupima nimuoneshe namba?

Mzee wa Risasi:

Ipo na ni dakika moja. Pakua fio (programu ya kupima diski), afu kwenye diski unayotaka kuipima:

fio --name=mhuri --filename=/mnt/jaribio/mhuri.bin --rw=randwrite --bs=4k --iodepth=1 --fsync=1 --size=1G --runtime=60 --time_based

Angalia IOPS ya kuandika, yaani maandiko mangapi kwa sekunde. Hapo unadai mhuri kila baada ya 4K, ndo maisha ya databesi yenyewe. Na pia PostgreSQL inakuja na kitu chake kinaitwa pg_test_fsync, kinakupa jibu kwa lugha ya fsync ngapi kwa sekunde. Azima SSD ya laptop yako upime, na umtafute mtu mwenye ya entapraizi akupimie. Usiipime ikiwa na VM zinafanya kazi juu yake utapata namba za ajabu na watumiaji watakupigia simu. Na usikosee ukaweka jina la diski yenyewe kwenye filename, weka faili, la sivyo itaandika juu ya kila kilichopo.

Nyundo Laini:

Nimesoma uzi wote kimya kimya, nataka kumwaga maji kidogo maana naona mmeanza kuzifanya za entapraizi kama malaika.

Moja, entapraizi nazo zinakufa, na zikifa zinaweza kufa kwa pamoja. Mwaka 2019 HPE walitoa tangazo wenyewe kuhusu baadhi ya SSD zao za SAS (kiunganishi cha seva): fimuwea, yaani programu iliyo ndani ya diski yenyewe, ilikuwa na kosa, zikifikisha masaa 32,768 ya kuwaka, yaani miaka 3 na siku 270 na masaa 8, zinazima na data hairudi. 32,768 ni 2 kwa kipeo cha 15, mtu aliweka hesabu ya masaa kwenye namba isiyotosha. Sasa fikiria umefunga RAID, umeziwasha zote siku moja, masaa yao yanalingana. RAID yako inakusaidia nini hapo? Zote zinaaga ndani ya saa moja. Kwa hiyo fimuwea isasishwe kabla hujaweka data, na kama unaweza RAID 1 yako iwe ya watengenezaji wawili tofauti, moja Samsung moja Kingston. Hii inasaidia hata kwa zile za kawaida.

Mbili, entapraizi haijatengenezwa kukaa droo. Kiwango cha JEDEC (shirika la viwango vya chipu), JESD218, kinaitaka SSD ya kawaida ikishaandikwa mpaka mwisho wa uhai wake ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, ya entapraizi inatakiwa miezi 3 tu kwenye nyuzi 40. Wameandikia seva inayowaka usiku na mchana, joto 55. Ya kawaida wameihesabia masaa 8 kwa siku. Kwa hiyo zile mnazotoa kwenye seva zimechoka mkazifanya bakapu ya kabatini, acheni.

Tatu, na hii namuunga mkono Nyaya Nne, siyo kila kitu kwenye hiyo seva kinadai mhuri. VM ya mafaili inakaa vizuri kabisa kwenye EVO. Mtu anahifadhi Excel ya MB 2, nani atajua ilichukua milisekunde ngapi?

Nyaya Nne:

Hatimaye mtu mwenye huruma

Mshumaa:

Naongezea tu kwa anayesoma baadaye, kama mnaenda kwenye za kawaida basi angalau iwe TLC siyo QLC. QLC inabana biti 4 kwenye seli moja, TLC ni 3. Mtengenezaji anaficha kwa kufanya sehemu ya diski ijifanye SLC (biti 1 kwa seli), unaandikia hapo kwanza inakuwa ya moto kweli, ikijaa ndo unaona sura yake. Nilikuwa na QLC naweka bakapu za VM, dakika za mwanzo 500 na kitu, afu ghafla ikaanguka mpaka chini ya 100, hadidiski ya zamani ilikuwa inaipita. Nikadhani kebo. Nimebadilisha kebo mbili ndo nikaenda kusoma karatasi, imeandikwa kabisa chini kwa maandishi ya mchwa. Entapraizi huwa hazina hiyo michezo, spidi ya dakika ya kwanza na ya saa la tatu ni ile ile, ndo maana na ujazo wanakupa 960 siyo 1000, sehemu ya NAND wameiweka akiba ili kontrola (chipu inayoiongoza diski) ihamishie data.

@Kitasa hilo ndo jibu la "kitu kidogo zaidi" la bosi wako.

Mtoto wa Raki:

Na za NVMe je, zile zenye spidi kuliko SATA? Bodi yake si lazima ina M.2, ile nafasi ya kuchomeka SSD nyembamba

Binti Bodi:

Zipo za M.2 zenye kapasita ila nyingi ni ndefu, 22110, milimita 110, maana kapasita zinataka nafasi, na bodi nyingi za kawaida zinaishia 2280. Pima kwanza. Za U.2 (NVMe zenye umbo la diski ya seva) nazo ni moto, nyingine zinakula zaidi ya wati 15 zikifanya kazi, zimezoea upepo wa feni za seva zinazopiga kelele kama ndege inaruka, kwenye kachumba ka Kitasa zitajikaanga. Kwa databesi ya watu 14 SATA yenye kapasita inatosha na kubaki.

Kitasa:

Wakuu nimerudi na namba. Nimepima tatu kwa ile amri ya mzee. Hadidiski zetu za sasa: IOPS 70 na kitu, aibu. SSD ya laptop yangu, ya kawaida, TLC, siyo mpya: 480. Jamaa yangu wa ofisi nyingine kanipimia kwenye entapraizi yake ya SATA: elfu 11 na kitu. Nimemwambia arudie nikidhani kakosea kuandika, karudia, elfu 11.

Kwenye karatasi zote mbili spidi 500 na kitu. Nimekaa naziangalia kama mtu aliyeona mwizi wake.

Bosi nimemuonesha hizo tatu tu kwenye karatasi moja, hata sikutaja karani. Kauliza "na hiyo ya kati haitoshi?" Swali zuri kusema kweli, kutoka 70 hadi 480 watu wangefurahi. Sijamjibu bado.

Mama Nodi:

Bosi wako ana akili. Jibu la kweli ni kwamba 480 ingewatosha asubuhi nyingi. Ungeweka EVO, watu wangekusifu wiki mbili. Kinachokuja kuibana ni vitu kugombania mhuri kwa pamoja, VM tatu zote ziko kwenye diski moja, ukiweka ZFS nayo ina mihuri yake, bakapu ya usiku ikichelewa ikaingia asubuhi, hapo ndo utaona iowait (muda wa kuisubiri diski) inapanda na watu wanageuka tena kukuangalia. Proxmox wenyewe kwenye ukurasa wa mahitaji wanashauri SSD zenye PLP na hawapendekezi za kawaida, na hawasemi hivo kwa sababu ya uhai.

Mwambie bosi: ya kati inatosha kwa spidi ya leo, ile nyingine unainunua kwa ajili ya siku ambayo pawa saplai imekufa saa nne asubuhi ya mwisho wa mwezi. Achague yeye, ila achague akijua.

Mzee wa Risasi:

Naongeza neno kwenye RAID. Usipitishe kwenye kadi ya RAID ya zamani ikiwa hiyo seva inayo, nyingi hazipitishi TRIM (amri ya kuiambia SSD data ipi imefutwa) na ZFS haitaki kadi inayoshika kashe yake yenyewe katikati. Ziunganishe moja kwa moja au kadi iwekwe kwenye hali ya HBA, yaani ipitishe diski kama zilivyo.

Mtoto wa Raki:

Vipi akitafuta entapraizi zilizotumika? Nasikia zinatolewa kwenye vituo vikubwa bado nzima

Nyundo Laini:

Inawezekana na mimi ninazo mbili. Masharti: umuombe muuzaji matokeo ya smartctl (programu ya kusoma afya ya diski) kabla ya kulipa, angalia masaa ya kuwaka, kiasi kilichoandikwa, na kipimo cha uchakavu. Ya 1 DWPD iliyoandikwa asilimia 20 ya uhai wake bado inaishinda ya kawaida mpya. Ukiona masaa ni sufuri na diski imechubuka pembeni, imefutwa historia, kimbia. Na fimuwea, fimuwea, fimuwea. Baadhi zimetoka kwenye seva za kampuni kubwa na fimuwea yao maalumu, kusasisha inakuwa kesi.

Kwa ofisi yenye bosi anayeuliza maswali mi ningenunua mpya, dhamana ikiwa hai.

Kitasa:

Uamuzi umetoka. Entapraizi mbili za 960GB mpya, moja Samsung moja Kingston kama Nyundo alivyosema, hizo ni za Proxmox na databesi na ile VM ndogo. Mafaili yanakwenda kwenye EVO mbili za 1TB. Bosi alivyosikia kwamba siyo zote nne za ghali akasaini hapo hapo, Nyaya Nne na wewe umepata chako.

Swali la mwisho: hizi mbili za watengenezaji tofauti, 960 ya huyu ni sawa na 960 ya yule? Isije ikawa moja ina sekta pungufu RAID ikagoma.

Binti Bodi:

Kwa kawaida ziko sawa, watengenezaji wanafuata hesabu moja ya kutoka GB kwenda sekta. Zikifika andika blockdev --getsz kwa kila moja, unatakiwa uone 1875385008 kwa zote. Ikitofautiana anza na ndogo, maana ZFS inakubali kuongezewa kubwa ila haikubali kuongezewa ndogo.

Kitasa:

Zimefika. 1875385008 na 1875385008. Fimuwea ya moja ilikuwa nyuma nimeipandisha, nyingine iko sawa. Nimepima mhuri kwenye zote mbili kabla sijaweka chochote, moja imetoa elfu 12 nyingine elfu 14. Ijumaa saa 12 jioni nahamisha.

Mama Nodi:

Bakapu ya databesi umeijaribu kuirudisha, au unaona tu faili lipo?

Kitasa:

Nilikuwa naona faili lipo 😅 Baada ya kusoma hii nimeirudisha kwenye laptop. Imegoma mara ya kwanza, kumbe bakapu ilikuwa haichukui watumiaji wa databesi, inachukua databesi peke yake. Nimeongeza pg_dumpall ya --globals-only kwenye kazi ya usiku, leo asubuhi imerudi yote, nimechapisha ripoti ya mwezi uliopita nikaifananisha na ile ya kwenye faili la bosi, iko sawa mpaka senti. Ijumaa iko pale pale.